Nyumba salama niliyokaa na wanangu: mazuri yake, na milango miwili iliyotuumiza

Nyumba ninayoiongelea ni ya kuwahifadhi wanawake na watoto wanaokimbia vipigo. Sitaji jina lake, sitaji mtaa, na mji wenyewe nauacha, ntasema tu ni Kanda ya Ziwa. Hilo ndo sharti la kwanza tulilosaini usiku ule tunafika na mpaka leo nalishika japo nimeshatoka mwaka na zaidi, kwa sababu kuna wenzangu wako mle ndani sasaivi na kuna mtu mahali anawatafuta.

Ila nimeona niandike. Kipindi natafuta pa kukimbilia nilikuwa naingia gugo usiku simu nimeificha ndani ya kanga, nakutana na habari za uzinduzi tu, mgeni rasmi kakata utepe, vitanda kadhaa, mfadhili kashukuriwa, basi. Hakuna aliyeniambia mle ndani mtu analala vipi, mtoto anasoma wapi, na siku ya kutoka unatoka na nini mkononi. Hayo ndo nayaandika, mimi niliyekaa mle miezi minne kasoro wiki na watoto wawili, na wa tatu hakuruhusiwa kuingia. Hilo la wa tatu ntalifikia. Kama ni kupima kwa nyota naipa nne kwa tano na nazitoa kwa moyo mweupe.

Kwanza njia ya kufika, maana hapo wengi tunakwama. Nyumba salama huendi kupiga hodi mwenyewe, unapelekwa. Mi nilianza kituo cha polisi cha karibu na kwangu, nikamkuta askari wa zamu, akaniangalia jicho lilivyovimba akasema mama rudi tu mkayamalize, hayo mambo ya ndani. Nikarudi, na kilichofuata baada ya kurudi sikisimulii hapa. Wiki mbili mbele jirani yangu akanishika mkono akanipeleka kituo kingine kikubwa zaidi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na pale aisee ni dunia nyingine, chumba chao peke yao, mlango unafungwa, askari mwanamke hana hata sare, akampa mwanangu biskuti kwanza afu ndo akaanza kuniuliza taratibu, nikinyamaza na yeye ananyamaza. Akaandika PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, tukaenda nayo hospitali (PF3 ni bure jamani, mtu akikuomba hela ya PF3 jua anakuibia). Kesho yake akamwita afisa ustawi wa jamii, na huyo afisa ustawi ndo aliyepiga simu kwenye nyumba. Tukaondoka saa mbili usiku na gari lisilo na maandishi yoyote ubavuni.

Kwa hiyo kama unasoma hii na yako ni kama yangu, shika hayo maneno mawili, dawati la jinsia na ustawi wa jamii. Ukijibiwa vibaya kituo cha kwanza nenda cha pili, usirudi nyumbani kama nilivyorudi mimi. Na kwa jambo linalomhusu mtoto kuna namba 116, unapiga bure.

Sasa nyumba yenyewe. Kwa nje ni nyumba ya kawaida kabisa, fensi ya matofali, geti jeusi, hakuna kibao. Ndani vyumba saba, jiko la nje, bomba la uani na simtanki kubwa maana maji ya mgao yanakata mpaka siku tatu. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha dabodeka, godoro moja la zamani na jingine jipya, neti mpya bado ina mikunjo ya pakiti, ndoo mbili, na komeo kwa ndani.

Naomba nikae kidogo kwenye hilo komeo. Nilikotoka, mlango wa chumbani ulikuwa na matundu manne ya misumari mahali komeo lilipokuwa, mume wangu mwenyewe aling'oa, akasema kwenye nyumba yake hajifungii mtu. Sasa yule mama mlezi wa zamu alipotufikisha chumbani hakuanza na kanuni wala daftari, alilifunga lile komeo akalifungua, akalifunga akalifungua, kama mara tatu hivi, afu akamwambia binti yangu haya mama jaribu na wewe. Mtoto ana miaka sita. Akalifunga. Mlezi akamwambia, basi kuanzia leo hata mimi nikitaka kuingia humu lazima nipige hodi na wewe uniambie karibu. Na ikawa hivyo kweli, miezi yote ile hakuna mfanyakazi aliyesukuma mlango wetu bila kupiga hodi na kusubiri, hata mfagiaji, hata siku mdogo wake binti yangu ana homa wakawa wanakuja usiku kumuangalia.

Binti huyo huyo alikuwa analala na raba mguuni. Sio kwamba nilimfundisha, alijifunza mwenyewe kule nyumbani kwa sababu tulishatoka mbio usiku mara nyingi na mara moja alikanyaga chupa. Mi nilitaka kumvua kwa nguvu nikaona mtoto godoro la watu analichafua, mlezi akanikataza, akasema mwache, leta tu kipande cha kanga tutandike chini ya miguu. Zikapita siku, nadhani wiki ya pili inaishia, nikaamka alfajiri nikakuta raba zimepangwa pembeni ya mlango, moja imekaa juu ya nyenzake. Sikumwamsha. Nilikaa kitandani nikaziangalia mpaka kukapambazuka.

Kuna jambo la majina pia, sijui kama kila nyumba wanafanya hivi lakini ningependa zote zifanye. Mi nilikuwa mama fulani tangu nimejifungua wa kwanza, jina langu mwenyewe lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho cha NIDA tu. Pale siku ya kwanza mlezi akauliza, wewe unapenda tukuiteje? Nikamtajia jina la mwanangu kama kawaida. Akasema sawa hilo la mtoto nimelisikia, na lako? Ilinichukua muda kujibu. Wakawa wananiita hilo na heshima mbele, dada fulani, mpaka nikalizoea tena.

Simu ndo lilikuwa gumu. Ukifika laini yako inatolewa inawekwa kwenye bahasha mbele ya macho yako, inaandikwa jina, inafungiwa kabatini. Unapiga kwa simu ya ofisi siku mbili kwa wiki na mlezi amekaa karibu. Mwanzoni nilikasirika nikaona sasa hili si jela? Baadae nikaelewa, dada mmoja kabla yetu alirudisha laini kwa siri, akampigia mdogo wake, mdogo wake akamwambia shemeji, na siku mbili mbele pikipiki ikawa inazunguka mtaani inauliza. Ikabidi wahamishe watu usiku kwa usiku. Kwa hiyo kanuni naikubali, ila nashauri waielezee mapema, pale pale dawati, mtu aingie akijua.

Chakula ni cha nyumbani kabisa, ugali dagaa, maharage, mchicha, Jumapili wali, na uji wa lishe kwa watoto kila asubuhi. Mnapika wenyewe kwa zamu. Nyumba inaendeshwa na watu wa kanisa na sala ya asubuhi ipo lakini halazimishwi mtu, na nilichokipenda sana ni kwamba tuliingia karibu na mfungo, dada zetu Waislamu walipewa chumba kile cha kushonea wawe wanasali, na zamu ya jiko ikabadilishwa ili mtu aamke saa kumi awapashie daku. Mi Mkristo nilikuwa kwenye zamu hiyo mara kadhaa, tunakaa jikoni na chai giza totoro tunaongea. Stori nyingi za maisha ya wenzangu nilizisikia saa hizo kuliko kwenye vikao vya ushauri.

Wageni. Wanakuja wa sabuni, wa mchele, wa nguo za mitumba, na wanataka picha. Mama msimamizi msimamo wake ni mmoja, simu zinabaki getini. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mgeni mmoja mwenye cheo kwamba kama bila picha mchele hautoki, basi rudi nao mheshimiwa. Mchele ulibaki. Kwa hilo tu huyo mama namuombea maisha marefu.

Shule ya watoto wameipanga vizuri kuliko nilivyotarajia. Wengi tunashindwa kuondoka kwa sababu ya uhamisho, ukienda kuomba uhamisho shuleni baba anajua kesho yake mnakwenda wapi. Pale afisa ustawi anaongea na watu wa elimu wenyewe kwa wenyewe, mtoto anahamia bila jina la shule mpya kuzagaa, na mwalimu mkuu wa huko ndo pekee anayejua. Elimu bila ada ipo tangu 2016 ndio, lakini sare, madaftari na michango midogo midogo ipo pale pale, na nyumba ililipa. Mshauri nasaha anakuja mara mbili kwa wiki, ni mzuri ila ni mmoja kwa familia zote, unaweza kusubiri siku kumi kupata nusu saa. Wakipata hela ningesema waongeze wa pili kabla hawajaongeza kitanda kimoja.

Alhamisi ndo ilikuwa siku yangu. Alikuwa anakuja msaidizi wa kisheria, dada mdogo tu, na kitabu chake kimejaa vikaratasi. Mi nimeolewa miaka kumi na mitatu sijawahi kujua kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. 1971! Mi sijazaliwa. Mama yangu alikuwa anapigwa na sheria ipo kitabuni. Akatufundisha kwamba mtoto chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba heri akae na mama yake, baba anaweza kupinga lakini yeye ndo atoe sababu mahakamani, na mtoto mkubwa mwenye akili ya kujieleza naye anasikilizwa. Akatueleza kwamba kabla ya talaka kwa kawaida mnapita baraza la usuluhishi la ndoa, na lile baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa wala kukulazimisha urudi, na hapo niliona wenzangu watatu wanaangaliana maana wote walishaambiwa kwenye mabaraza "tumeamua urudi".

Na akatusimulia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983. Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea, nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao kwenye rufaa ile, lakini kila mwanamke aliyekuja baada yake ambaye hakuwa na mshahara anaitegemea kesi yake. Dada mmoja wa makamo, mkulima, hajui kusoma, aliomba arudiwe hilo jina mara mbili, na jioni nikamsikia anafua huku analitamka taratibu, Bi Hawa Mohamed, Bi Hawa Mohamed, asilisahau.

Mafunzo ya kazi nayapa alama za katikati. Kuna cherehani nne na mwalimu anajua kazi, hapo sina neno. Lakini sabuni ya maji na batiki kila anayetoka anatoka nazo, na mtaani sabuni ya maji sasaivi kila nyumba ya tatu inatengeneza, utamuuzia nani? Wangetuuliza mtu alikuwa anafanya nini kabla. Mi nilikuwa nauza chapati na maharage asubuhi kabla mume hajanikataza, nikawaambia sitaki batiki nataka kukumbuka hesabu, mlezi mmoja akanikalisha jioni na daftari, unga kilo kadhaa zinatoa chapati ngapi, mafuta kiasi gani, mkaa, faida. Hayo ndo yananilisha leo.

Sasa nije kwenye yanayouma. Mle ndani ya fensi ile nyumba imekamilika karibu kila kitu. Inapoangusha watu ni kwenye milango yake miwili, wa kuingilia na wa kutokea.

Wa kuingilia: wavulana mwisho miaka kumi. Mwanangu wa kwanza alikuwa na kumi na mbili, darasa la sita. Mtoto ambaye usiku ule yeye ndo aliyeruka dirishani akaenda kugonga kwa jirani. Mtoto aliyekuwa anasimama katikati yetu. Afisa ustawi alinieleza dawati pale pale, kwa upole sana, na sababu naielewa, kuna wasichana mle wametoka kwenye mambo mazito, wengine wametolewa porini wakikimbia kukeketwa, sauti tu ya mvulana aliyeanza kubalehe inawashtua. Naelewa. Lakini nendeni mkamweleze mtoto wa miaka kumi na mbili aliyekuokoa kwamba pa usalama pamepatikana, pa mama na wadogo zako, wewe hapana. Alipelekwa kwa mjomba wake mkoa mwingine. Aliniuliza swali moja tu, mama, kwani na mimi wananihesabu kama baba? Nikamwambia hapana baba, ni nafasi tu. Siku za kupiga simu nusu ya muda wangu wote ulikuwa wake na alikuwa anajibu ndiyo, hapana, nzuri.

Najua kuna wamama walifika dawati wakaambiwa hilo wakageuka wakarudi na watoto wao wote kwa mwanaume, na siwalaumu hata kidogo. Suluhisho sio gumu, chumba kimoja chenye mlango wake wa nje, upande wa geti, kwa familia zenye wavulana wakubwa. Nimemwambia msimamizi, akaandika. Nafasi ya kujenga ipo, ni kule wanakofugia kuku.

Mlango wa kutokea ni kodi. Kanuni ni miezi mitatu, mi niliongezewa kidogo. Ukitoka unapewa godoro la nne kwa sita, sufuria mbili, jiko la mkaa na mtaji, mi nilipewa laki moja na nusu na nashukuru sana. Sasa ingia mtaani utafute chumba. Chumba kimoja cha elfu arobaini, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni laki mbili na arobaini, na dalali anataka ya mwezi mmoja, laki mbili na themanini, na hujanunua hata kilo ya unga. Niliotoka nao kipindi kimoja tulikuwa watano. Wawili wamerudi kwa waume zao, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwa sababu amemmiss mtu. Mmoja alinipigia kwa simu ya kuazima akaniambia, dada, nilizunguka wiki nzima na godoro kichwani. Yaani serikali, halmashauri, wafadhili, mnajenga uzio na kuajiri walinzi, afu mama anashindwa kwa laki moja na elfu thelathini. Hela hiyo iwekwe kwenye bajeti kama mchele unavyowekwa.

Mimi nilipona kwa sababu mlezi alitembea na mimi siku yake ya mapumziko, akajitambulisha kama shangazi yangu, tukampata mama mjane mwenye nyumba ya uswahilini akakubali ya miezi mitatu bila dalali. Dada mwingine kutoka mle amechukua chumba cha pili hapo hapo. Tunaachiana watoto, yeye anashona mimi nauza chapati.

Kama uko njiani kuondoka, mfuko wako uwe na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho chako au hata namba yake ya NIDA umeiandika, cheti cha ndoa kama kipo na dawa kama kuna anayetumia. Mi nilisahau kadi ya kliniki ya mdogo na ilinisumbua miezi. Viweke kwa jirani unayemwamini siku nyingi kabla.

Na msiniandikie kuniuliza ipo wapi, sitajibu, hata ukiniambia wewe ni mwanamke mwenzangu. Nenda dawati.

Mwanangu mkubwa alikuja mwezi wa kumi na mbili shule zilipofunga. Kanipita urefu. Alisalimia, akaweka begi, akawanyanyua wadogo zake mmoja mmoja, afu akageuka akauangalia mlango wa chumba chetu akauliza, mama, komeo lake liko wapi? Lilikuwa la kamba. Tukatoka wote wanne mpaka dukani, elfu tatu na mia tano, akaazima bisibisi kwa fundi wa baiskeli akalifunga mwenyewe, na binti yangu kasimama pembeni anamwelekeza.